Wa Tano Hakuwa na Kengele

Turquant, 16 Juni 1963

Odile mjukuu wangu,

Salamu kwanza, maana ulinifundisha mwenyewe kwamba barua haianzi kwa kelele. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, la kulia linamcheka mwenzake. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, na mmoja nimempa jina la mama yako kwa sababu hanyamazi. Usimwambie. Huku nje watu wanaungua na jua, mimi humu pangoni nimevaa sweta. Paa langu ni mwamba mzima, halivuji wala haliombi kigae. Baba yako na aendelee kunicheka kwamba naishi kama popo.

Sasa neno lenyewe. Agosti iko mlangoni na sijui siku mtakayofika. Magodoro manne nimeyatoa juani nikayapiga mpaka yakaomba msamaha. Tufaha nilizikausha tanurini, nikazigonga kwa nyundo moja moja zikalala bapa kama vifungo vya koti, sasa zinangoja kulowekwa kwenye divai. Mwaka jana mlitumia siku tano kwa baiskeli kutoka Blois, mkafika mnasema mmechoka na makasri. Chaumont, Amboise, Langeais, Ussé, kila penye mnara baba yako anasimama kuvuta pumzi, anasingizia anatazama mnara. Miye nisiyejua kasri hata moja kwa ndani nilicheka mpaka nikakaa chini.

Niliwasikia kabla sijawaona. Marehemu babu yako alifanya jambo la maana, kufunga kengele ya mbuzi kwenye kila baiskeli ya ukoo huu. Mkipita, watu wanatoka nje kutafuta kundi. Mimi nakaa mlangoni nasikiliza. Nakwambia ukweli, mwaka mzima nasikilizia siku hiyo moja.

Jibu upesi. Mkono wangu unaandika kikobe, lakini macho yanasoma mbio.

Bibi yako,
Zélie


Blois, 9 Julai 1963

Bibi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Huku sote hatujambo. Mdogo wangu Blandine amefaulu mtihani wake, na kwa kuwa ana miaka kumi na minne anadhani hakuna binadamu aliyewahi kufaulu kabla yake. Mama yuko kwenye jamu ya aprikoti, nyumba nzima inanata. Mimi nimefunga shule wiki iliyopita na sauti yangu imeanza kurudi.

Bibi, mwaka huu hatutasafiri. Mgongo umemshika Baba na daktari amemkataza kupanda baiskeli mpaka zabibu zivunwe. Kwa hiyo usitutandikie.

Nadhani hata wewe unaona kwamba kwa mwaka huu ni afadhali iwe hivi.

Mjukuu wako,
Odile


Turquant, 14 Julai 1963

Odile wangu,

Leo ni sikukuu ya taifa, wanapiga fataki Saumur na mbuzi wamekataa kutoa maziwa. Ndiyo salamu zangu. Nyingine sina, nimevunjika moyo.

Mgongo ni mgongo, sibishani nao. Nimemtumia baba yako mafuta ya bata bukini niliyochanganya na kafuri, yamo kwenye kopo la bluu, atayaleta dereva wa gari la mkate. Mama yako amkande jioni, kwa nguvu, asimbembeleze. Marcellin tangu utotoni ukimgusa kidogo anapiga mayowe. Asimsikilize.

Ila hujanieleza neno moja. Umesema hata mimi naona ni afadhali. Naona nini? Mimi sioni lolote. Naona magodoro manne. Kama kuna kitu natakiwa nikione, kiandike, maana nina miaka sabini na moja na kutegua mafumbo sikufundishwa.

Na barua yako ilikuwa fupi. Nilipoimaliza niligeuza karatasi nikidhani kuna upande wa pili.

Bibi


Blois, 30 Agosti 1963

Bibi mpendwa,

Shikamoo na pole na joto. Sisi wazima. Asante kwa mafuta, Baba amepata nafuu. Agosti imepita polepole, hatukufanya jambo la kuandika. Blandine anakusalimu. Mama pia.

Nisamehe kwa ufupi, natayarisha darasa.

Odile


Turquant, 8 Septemba 1963

Odile,

Sijambo. Mbuzi hawajambo. Salamu zimekwisha.

Jana Jumamosi nilikwenda sokoni Saumur. Unamjua Gatien, yule mzee wa jibini mwenye banda ng'ambo ya mto, kule Varennes. Nilikuwa nachagua vitunguu akaniita kwa sauti ya kusikiwa na soko zima:

"Zélie! Mbuzi wako wamepita kwangu!"

Nikamwambia, "Mbuzi wangu wako zizini, wewe mzee. Saa tatu asubuhi umeshalewa?"

"Wale wa magurudumu, mama. Wale wa Blois. Walipita mwezi uliopita, siku ile ya joto kali."

"Umewaota. Mwanangu mgongo mbovu, yuko kitandani."

"Basi kitanda chake kina pedali. Alikuwa mbele ya wenzake kwa masafa ya risasi, kanuna, hageuki nyuma. Niliwapa maji."

Nikakaa juu ya gunia la vitunguu vya watu. Yeye hakuona uso wangu, akaendelea, maana Gatien akianza hata padri hamnyamazishi. Akasema mlikuwa watano. Wanne wana kengele, wa tano hana. Kijana mrefu, nywele za rangi ya nyasi kavu, aliyeshuka kukujazia tairi upepo, na wewe ukamfuta jasho kwa kiganja.

Halafu akaniambia lile lililoniua. Akasema, "Walipofika kwenye kona ya banda langu, pale mwamba wako unapoanza kuonekana ng'ambo, wakasimama. Binti mkubwa akatoa leso. Wakazifunga kengele kwa leso zisilie, moja moja, na ile ya mdogo wake wakaifunga kwa soksi. Nikajiuliza, kuna maiti mahali? Wanapita kimya kwa heshima ya nani?"

Nilimjibu, "Kwa heshima yangu." Nikachukua vitunguu vyangu nikaondoka.

Odile. Ulikuwa na miaka tisa, mapafu yako mabovu, wakakuleta huku upate hewa. Msimu wote wa baridi tulikaa mezani mimi na wewe, ukanishika mkono ukanifundisha A kwa kijiti cha mkaa. Mimi niliyechunga mbuzi tangu nina miaka mitano, nisiyejua hata jina langu likikaa kwenye karatasi linafananaje. Niliandika Zélie nikalia, ukanicheka. Herufi hizo ndizo ulizotumia kunidanganya. Ningekuwa sijui kusoma, ungehitaji kuja kunidanganya usoni, na usoni usingeweza.

Mlipita chini ya macho yangu. Siku ile ya joto kali naikumbuka, nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharage. Mto wenyewe Agosti hauna hata maji, ni mchanga mtupu na vijito. Ningewasikia.

Nataka kujua mambo mawili. Wa tano ni nani. Na nimewafanya nini.

Zélie


Turquant, 20 Oktoba 1963

Odile,

Mavuno yamekwisha, divai itakuwa chachu, mvua ilizidi. Wiki sita sasa. Mtu wa posta akinipita siku hizi anatazama viatu vyake.

Sikuandika kubembeleza. Nimeuliza, nijibiwe.

Zélie


Blois, 3 Novemba 1963

Bibi,

Jana tulipeleka maua makaburini, nami nikawasha mshumaa wa Babu na wa Baba mdogo Anselme. Mama ana mafua. Sisi wengine wazima. Nimeanza barua hii mara nne.

Wa tano anaitwa Volkmar Ihle. Ni fundi wa vinanda vya makanisa. Alikuja Blois kutengeneza kinanda cha parokia yetu, kazi ya miezi mitatu, ikawa mwaka. Ni Mjerumani. Ana miaka ishirini na saba. Tumechumbiana tangu Februari.

Uliuliza umetufanya nini. Bibi, nami niliuliza hivyo hivyo tangu Pasaka, lakini niliuliza kimoyomoyo, na hilo ndilo kosa langu. Pasaka Baba alikuja kwako peke yake. Aliporudi, alituita jikoni mimi na Mama akasema, "Mimi binafsi sina neno na kijana. Tatizo ni Bibi yenu. Nimemweleza, amesema hataki Mjerumani mezani kwake, na tukimleta atatufungia mlango sote. Msimtajie tena, moyo wake hautastahimili." Mama alilia. Mimi sikulia. Nilikasirika. Nilisema moyoni, yule bibi niliyemfundisha kuandika hakuniandikia hata mstari, kanikataa kupitia mtu mwingine.

Barua yako ya Juni ilipokuja, ya furaha, ya magodoro, niliona unajifanya. Ndiyo maana nikaandika vile. Mgongo wa Baba tuliubuni mezani. Njia ya ng'ambo aliichagua yeye. Leso zilikuwa zangu.

Volkmar aliniuliza kwa nini tunafunga kengele. Nikamwambia, "Yule bibi wa kule ng'ambo hataki kukuona." Aliutazama mwamba wako kwa muda mrefu. Akasema, "Ana haki yake." Kisha akapanda baiskeli.

Niambie ukweli, Bibi. Ulisema au hukusema?

Odile


Turquant, 17 Novemba 1963

Odile,

Niko hai. Niliposoma barua yako nilitoka nje nikapasua kuni za wiki mbili, ndipo nikashika kalamu.

Sikusema.

Pasaka baba yako alikaa hapa siku mbili. Alikula mguu wa mwanakondoo, akanirekebishia mlango wa zizi, akasema Odile hajambo, ana kazi nyingi. Kuhusu Mjerumani hakutamka hata M. Sikuulizwa swali, na jibu langu limeshatangazwa mpaka kwa wageni. Nimewahi kuibiwa kuku, nimewahi kuibiwa pipa la divai. Maneno ya kinywani sijawahi kuibiwa mpaka nilipoibiwa na mtoto niliyemnyonyesha.

Na sasa kuna kijana mmoja duniani aliyepita chini ya mwamba wangu akiamini ndani yake kuna kikongwe anayemchukia. Na kaniheshimu kwa chuki hiyo! Ana haki yake, kasema. Haki gani? Mimi sikuidai.

Sasa nisikilize, maana hili sijapata kumwambia mtu. Mwaka arobaini na tano walitugawia mateka wa Kijerumani wafanye kazi. Mimi nilipewa mmoja, wa kuchimba pango la uyoga. Baba yako alikuwa ametoka utekani Ujerumani, anajiuguza Blois. Siku ya kwanza nilimtemea yule mtu mate kwenye supu, mbele ya macho yake. Akainywa yote. Akasema asante. Siku ya pili sikutema. Alikaa miezi kumi na minne, akaondoka na soksi nilizomfuma mimi. Hivyo ndivyo ninavyokuwa na Wajerumani, kama kuna aliyetaka kujua. Angeuliza tu.

Kuhusu Anselme sitaandika. Walimuua hapa mtoni mwezi Juni mwaka arobaini, ana miaka kumi na tisa, hilo unalijua. Jina lake nimeliandika mara moja katika barua hii na sitaki kuliona mdomoni mwa mtu analitumia kama kufuli la mlango.

Nawe. Usidhani umepona kwa sababu ulidanganywa. Ulikuwa na kalamu. Ulikuwa na stempu. Ungeandika, "Bibi, ni kweli?" Maneno matatu. Uliniona mnafiki kwa miezi yote hiyo, ukanijibu kwa adabu baridi kama ya karani wa benki. Hilo limeniuma kuliko leso.

Muulize baba yako. Siyo mimi, wewe. Halafu niandikie alichosema, usikipambe.

Zélie


Blois, 12 Januari 1964

Bibi yangu,

Heri ya mwaka mpya, afya kwanza, kama usemavyo. Theluji imetufungia ndani, Blandine anateleza barabarani kwa kutumia sinia la Mama. Jibini ya Krismasi ilifika, nikala yangu nikilia, Mama akasema ni chumvi ya bure.

Nimemuuliza. Nilichelewa kwa sababu niliogopa. Nilimsomea barua yako mezani, yote, mpaka ile ya supu. Alipiga meza kwa ngumi, glasi ikaanguka. Akasema, "Mama amezeeka, amesahau alichosema." Mama akamtazama akamwambia, "Marcellin, mama yako anakumbuka siku uliyoota jino." Akatoka nje bila koti. Tangu siku hiyo anazungumza na sisi habari za makaa na mkate tu.

Kwa hiyo najua. Na sina la kujitetea, Bibi. Kweli nilikuwa na kalamu.

Harusi ni tarehe 11 Aprili, hapa Blois, saa tano asubuhi. Baba ameshawaambia majirani kwamba hutakuja kwa ajili ya Anselme, na sasa hawezi kurudisha maneno bila kuaibika. Volkmar hana wazazi, walikufa kwa mabomu akiwa mtoto. Shangazi aliyemlea hawezi safari. Upande wake wa kanisa atakuwepo padri wa zamu na mwanafunzi wake wa kazi, basi. Anasema haidhuru, kinanda kitajaza nafasi. Anasema hivyo anatabasamu, na mimi siwezi kumtazama.

Sikuombi unisamehe. Naomba uje.

Odile wako


Turquant, 8 Machi 1964

Odile mtoto wa mtoto wangu,

Salamu. Mto umejaa, umefunika visiwa vyote vya mchanga, maji yana rangi ya kahawa ya maziwa. Mlozi wa Gatien umechanua. Yeye mwenyewe kavunjika mkono kwa kumkimbiza mbuzi, na soko zima limefurahi kwa sababu lilidhani mkono ukifungwa na mdomo unafungwa. Haukufungwa.

Baba yako alikuja Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimesema moyoni, akija na kutamka kwa kinywa chake, yameisha. Nikampikia. Akasema, "Mama, waonaje hali?" Nikasema, "Niko hai. Au hilo pia umewatangazia vingine?" Akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Akala. Akazungumza habari za mto, habari za bei ya mbao. Nikamwacha amalize supu. Nikamuuliza, "Marcellin, Pasaka nilikwambia nini kuhusu mchumba wa Odile?"

"Supu hii umeweka nini, Mama? Tamu kweli."

"Chumvi. Nilikwambia nini?"

"Hayo ya zamani, Mama."

"Hata mwaka haujafika."

Halafu akasema, anatazama sahani, "Miaka mitano nimekula maganda ya viazi kwao. Miaka mitano."

Nikamwambia, "Najua. Uliporudi ni mimi niliyekuogesha kwenye beseni, nilizihesabu mbavu zako kwa kitambaa. Hasira hiyo ni yako na ni halali. Ungesema, mimi Marcellin siwezi. Nani angekulaumu? Kwa nini uliiweka kinywani mwangu?"

Unajua alinijibu nini? Akasema, "Kwa sababu nikiitaja yangu wananiambia vita vimekwisha, Baba, sahau. Yako hakuna anayeibishia. Wewe ulifiwa."

Ni jibu la kweli, Odile, nalo ndilo limenichoma zaidi, kwamba kilio changu alikiona kifaa. Nikamwambia, "Basi nenda ukawaambie binti yako na yule kijana maneno haya haya, kama ulivyoniambia mimi." Akasema atayasema. Nikamtilia kahawa mara mbili. Akavaa kofia, akanibusu, akakimbilia basi.

Leo ni wiki. Je, ameyasema? Ninyamaze, najua hajasema. Ungeshaniandikia siku hiyohiyo.

Basi hivi ndivyo nilivyoamua. Akija hapa atakula, atalala, atakandwa mgongo ukimuuma kweli. Wageni nawatunza vizuri. Mwanangu atakuwa tena siku atakapofungua kinywa, na akichelewa mpaka nife, ni shauri lake. Nimemlilia mmoja bila kupenda, huyu wa pili simlilii kwa kulazimishwa.

Wewe nimekukasirikia, na bado. Hasira niliyo nayo juu yako najua mwisho wake uko wapi, inapungua kila nikila tufaha. Umesema kosa lako kwa mkono wako mwenyewe, kwa wino, bila mtu kukushika shingo. Baba yako mwenye miaka hamsini limemshinda.

Nitakuja tarehe kumi Aprili kwa basi la mchana. Nitavaa gauni jeusi kwa kuwa sina jingine, majirani wafikirie wanavyotaka. Kanisani usinitafutie nafasi kwa baba yako, wala kwa mama yako, wala kwenye viti vyenu vya mbele. Mwambie Volkmar aniwekee benchi la kwanza upande wake. Nitakaa hapo mwanzo mpaka mwisho, na nikitoka nitatoka nimeshika mkono wake.

Watu wakiuliza yule kikongwe ni wa nani, ajibu yeye. Baba yako asinijibie tena.

Zélie